Kilichojaza Kapu la Mama Mkubwa

Kompyuta ya Mama Mkubwa iligoma Jumapili asubuhi, siku ambayo haikutakiwa kugoma hata kidogo. Siku nyingine yoyote ingegoma mpaka ichoke yenyewe. Watu wangenuna, wangekunywa chai, maisha yangeendelea. Lakini Jumapili hiyo, saa nane mchana, mwenye kompyuta alitakiwa awe hospitalini amelala chali akisubiri kupasuliwa koo, na kabla ya hapo alikuwa na sura moja ya kitabu ambayo aliapa ataimaliza, liwalo na liwe.

Saa tatu kasorobo akampigia simu binti wa mdogo wake. Binti huyu ni fundi kompyuta, na kwenye ukoo hakuna anayemwita kwa jina alilopewa. Wanamwita Mpekuzi. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, alipokutwa chini ya kitanda na mkoba wa mgeni, vitu vyote amevipanga sakafuni kuanzia kidogo hadi kikubwa: pini, funguo, kitana, meno ya bandia. Hakuiba kitu. Alitaka kujua tu. Mpaka leo yuko vilevile. Umpelekee kompyuta iliyovunjika kioo, kioo atakubadilishia, halafu atakuuliza kilivunjikaje, nani alikuwepo, na mlikuwa mnagombania nini.

"Inaniambia nafasi imekwisha," Mama Mkubwa alisema kwenye simu. Sauti ilikuwa inakwaruza kama mlango wenye kutu. "Nafasi gani hiyo? Meza nzima iko wazi!"

"Nakuja, Mama Mkubwa."

"Njoo mbio. Na usipekue."

Kumwambia Mpekuzi asipekue! Haya.

Alipofika, Mama Mkubwa alimfungulia mlango mwenyewe, akapokea shikamoo kwa kichwa, akamvuta mkono mpaka jikoni na kufunga mlango nyuma yao.

"Sikiliza," akanong'ona. "Daktari amesema wakishapasua, sauti huenda isirudi."

"Isirudi kabisa?"

"Kabisa. Mzee hajui. Nimemwambia ni kivimbe kidogo, kinatolewa, jioni naongea. Ukifungua huo mdomo wako nakuchuna ngozi. Sasa nenda kaniondolee huo mkwamo nimalizie sura yangu."

Mpekuzi akabaki amesimama na begi lake la vifaa, machozi yamemfika puani. Alitaka kumkumbatia, lakini Mama Mkubwa alikwisha kufungua mlango na anamwonyesha kwa kidevu kompyuta ilipo, katika chumba kidogo kando ya sebule, chini ya dirisha.

Mambo ya nyumba hiyo yalikuwa hivi. Baba Mkubwa alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Miaka thelathini na mmoja alisoma kila kilichotaka kuchapwa kabla hakijachapwa, akiwinda herufi iliyopotea na mkato uliokaa pasipo pake. Kazi ile na maradhi ya macho vikasaidiana, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu haoni kitu. Sebuleni kulikuwa na rafu nne za vitabu ambavyo hawezi tena kuvisoma. Mama Mkubwa, ambaye maishani hakuwahi kumaliza kitabu chochote kisichokuwa cha mapishi, siku moja alichomoa cha kwanza kushoto rafu ya juu, akakaa mbele ya kompyuta, akaanza kumsomea mumewe huku akijirekodi, ili iwe akiba, siku akisafiri mzee asibaki mpweke. Alisoma historia ya reli. Alisoma sheria za ardhi, jamani, sheria za ardhi! Sasa alikuwa kwenye kitabu kinene cha nyuki, na kilichobaki ni sura ya mwisho.

"Huyo ni Mpekuzi," Baba Mkubwa alisema kutoka kwenye kiti chake sebuleni. "Nasikia mtu anavyopumua maswali."

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kumpasua nani, yeye au kompyuta?"

"Kompyuta, Baba Mkubwa."

"Afadhali. Hiyo haina ubishi."

Mpekuzi akaketi, akaitazama diski. Ilikuwa ya giga mia tano na ilikuwa imejaa pomoni, hakuna hata pa kuweka barua. Hapo hapo mwasho wake wa zamani wa kutaka kujua ukamwanza. Watu wawili wazee, hawachezi michezo, hawatazami filamu, wanajaza giga mia tano kwa kitu gani? Haja ilikuwa ndogo: sura moja haihitaji hata giga moja. Kufuta mabaki ya programu kungempa robo saa ya kurekodi, na sura ilikuwa ya dakika arobaini. Flashi yake ilijaa kazi za wateja, maduka yamefungwa. Ilibidi kitu kitoke. Kwanza ajue kipi kimeingia.

Akaanza na picha. Zilikuwa picha za ukoo, watu wamesimama mistari miwili wamenuna, zote pamoja giga mbili. Akaenda kwenye barua. Zilikuwa kumi na moja, zote za Baba Mkubwa akiilalamikia idara ya maji, mikato yote mahali pake; zote kwa pamoja hazikufikia uzito wa picha moja. Video hakuna. Basi akawasha programu yake ndogo inayochora kila folda kama sanduku: folda nzito, sanduku kubwa. Akasubiri. Mashine ikakoroma, ikatafuta, na polepole sanduku moja likajitokeza, likakua, likasukuma mengine yote pembeni mpaka likaenea skrini nzima kama kabati lililoingizwa kwenye chumba kidogo.

Akaelekeza kipanya juu ya sanduku lile. Kapu la taka. Giga mia nne na kumi.

"Mama Mkubwa!" akaita. "Humu kuna takataka mpaka juu. Nizimwage?"

"Mwaga!" Mama Mkubwa alijibu kutoka chumbani, alikokuwa anakunja magauni ya kwenda nayo hospitalini. "Takataka nayo mpaka uniulize? Mwaga zote nianze kusoma, saa zinakwenda!"

Kidole kikawa juu ya kitufe. Fundi mwenye adabu zake angebonyeza, akanawa mikono, akaenda zake. Lakini huyu hana adabu hizo, na namshukuru Mungu kwamba hana. Alijiuliza: mwanamke wa miaka sitini na minane ana takataka gani ya kujaza giga mia nne? Akaondoa kidole kwenye kitufe, akafungua kapu achungulie.

Zilikuwa faili mia moja na sitini na kitu, zimepangwa kwa tarehe. *Reli sura ya 1. Reli sura ya 2 kakohoa. Ardhi sura ya 9 Mungu nisaidie. Nyuki sura ya 4 amenikera.* Zote za sauti.

Mpekuzi aliiondoa mikono mezani kabisa, akaiweka mapajani, isije ikagusa kitu kwa bahati mbaya.

"Mama Mkubwa, hebu njoo."

"Umemwaga?"

"Sijamwaga. Njoo uniambie vitabu vyako vinatafuta nini kwenye kapu."

Mama Mkubwa akaja na gauni mkononi. "Sasa ulitaka niviweke wapi? Mtu akivuna anaweka kapuni."

"Nani alikwambia hilo ni la kuvunia?"

"Si limeandikwa? Soma mwenyewe. Kapu la, halafu nukta, nukta, nukta. Nikajua hapo ni kama kwenye fomu, mwenyewe ndiye anayejaza. Nikalijaza kichwani: Kapu la Mzee. Kila nikimaliza sura naitia humo."

Mpekuzi akatazama pembe ya skrini, akatamani ardhi ipasuke immeze. Miaka miwili nyuma ni yeye aliyeiweka kompyuta ile kwa Kiswahili, tena kwa herufi kubwakubwa ili Mama Mkubwa asihangaike na miwani. Herufi zilikuwa kubwa mno, jina halikuenea chini ya kile kipicha, na mashine ikalikata: *Kapu la...*

"Ni kapu la taka, Mama Mkubwa. Kosa ni langu. Taka ndiyo iliyokatwa."

Mama Mkubwa akaitazama skrini, akamtazama mumewe kule sebuleni, akaitazama skrini tena.

"Na mimi nimekwambia mwaga."

"Umeniambia mwaga."

"Nimekwambia mwaga zote."

"Ndivyo ulivyosema."

Akakaa juu ya ukingo wa sanduku la nguo, akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na ikabidi aishike shingo. Kilipomwachia hakuwa anacheka tena.

Mpekuzi akazirudisha faili zote kwenye folda safi, akaipa jina refu lisilo na nukta hata moja. Hilo likaisha. Nafasi, hata hivyo, ilibaki vilevile. Mzigo ulikuwa umehamishwa kabati tu. Na mwasho nao haujaisha, maana hesabu bado ilikuwa inakataa. Sura ya kurasa kumi na tano, hata ukisoma kwa kuvuta maneno, ni dakika arobaini. Mbona faili hii ina saa tano? Hii saa sita na nusu? Kuna sura gani ya sheria za ardhi inayosomwa saa sita na nusu mtu asife?

Akavaa vipokea sauti vya masikioni, akafungua ile ya *Nyuki sura ya 4 amenikera*.

Mwanzoni alimsikia Mama Mkubwa akisoma, sauti ikiwa bado nzima, nene, ya kuitia watu ng'ambo ya pili ya barabara. "Malkia akishatoka katika seli yake huwatafuta wapinzani..."

"Mkato," ikasema sauti ya Baba Mkubwa.

"Mkato uko wapi?"

"Baada ya seli yake. Nausikia haupo."

"Wewe huoni kitabu, mimi ndiye ninayekiona. Hakuna mkato."

"Basi walikosea kiwandani. Weka."

Dakika arobaini zikaisha hivyo, sura ikafungwa, kiti kikasogezwa. Ila mstari wa sauti kwenye skrini haukuisha. Ulipungua tu, ukawa vijivimbe vidogovidogo kwa saa nne zilizobaki. Mpekuzi akaelewa: Mama Mkubwa alikuwa hazimi. Alikuwa anafunga kitabu, anadhani na mashine imejua kwamba kitabu kimefungwa, anaondoka zake. Baadaye sana, akipita kupangusa meza, ndipo anaizima na kuitia kapuni.

Angeweza kuishia hapo, jibu alikwisha kulipata. Akaruka mbele kidogo, asikilize.

Birika lilikuwa linachemka. "Umemeza dawa?" "Nimemeza." "Ipi?" "Ile chungu." "Zote chungu, mzee, usinichezee." Akaruka tena. Walikuwa wanakunja shuka. "Vuta. Usivute hivyo, utaniangusha! Sasa njoo kwangu. Huku, huku ninakosemea." Akafungua faili nyingine. Kimya kirefu, mlango, halafu Baba Mkubwa anauliza shati alilovaa ni la rangi gani, anajibiwa bluu, anasema mbona linanuka kijani, na Mama Mkubwa anacheka kile kicheko chake cha kuegemea ukuta. Akafungua nyingine, na nyingine. Wanagombana juu ya redio. Wanamsema jirani. Mama Mkubwa anaimba wimbo usio na maneno huku anasugua sufuria. Zilikuwa mamia ya saa.

Mpekuzi akavua vile vipokea sauti, akageuka na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Nimekipata! Kila sura ina mkia. Unasoma dakika arobaini, halafu mashine inabaki inarekodi mambo ya nyumbani mpaka ukumbuke. Mikia ndiyo imekula diski. Nikiikata yote, unapata nafasi ya kusoma rafu zote nne upya."

"Kata," alisema Mama Mkubwa, tayari ana kitabu cha nyuki mkononi. "Kata makelele yote. Aibu! Na kusengenya kwetu kumo?"

"Kumo."

"Kata haraka."

"Subiri," Baba Mkubwa akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Hawakumsikia akija.

"Ikikatwa hiyo mikia, inarudi?"

"Hairudi, Baba Mkubwa. Kesho naweza kuleta diski kubwa, vyote vikakaa. Lakini leo, ili arekodi, lazima kitu kiondoke."

"Basi iache mikia. Kata vichwa."

"Vichwa ndivyo vitabu!" Mama Mkubwa alipiga kelele, au alijaribu, sauti ilimkatikia katikati. "Mzee, una akili? Nimejichuna koo miaka miwili na hizo sheria zako za ardhi, leo unasema zikatwe, zibaki sufuria?"

"Zile sheria zilichapwa nakala elfu tano," Baba Mkubwa akasema taratibu. "Nilizisahihisha mwenyewe. Nyuki nao nakala elfu mbili. Mtu yeyote anaweza kunisomea. Mpekuzi atanisomea, vibaya, lakini atanisomea. Ila wewe kuniuliza dawa niliyomeza ni ipi, hilo hakuna kiwanda kilichochapa. Nakala ni hiyo moja, humo kwenye mashine."

Mpekuzi akatazama kibao cha herufi, hakuthubutu kutazama kingine.

"Nani kakwambia?" Mama Mkubwa akauliza. Alimkazia macho Mpekuzi, na Mpekuzi akatikisa kichwa mpaka hereni zikagongana.

"Usimkaripie mtoto wa watu, hajasema neno. Hakuna aliyeniambia. Mwanzoni ulikuwa unanisomea sura moja, ukipenda. Mwezi huu ni tatu kwa siku. Mwenye kivimbe kidogo hakimbii hivyo. Hilo nikalivumilia, nikasema labda amependa nyuki. Lakini nikikwambia mkato, unaweka mkato. Huniulizi uko wapi. Huniambii mimi kipofu sijui kitu. Miaka arobaini na tatu hujawahi kukubali mkato wangu hata mmoja. Nikajua tu kwamba unabana sauti, na kwamba sauti yenyewe inakwenda."

Kitabu cha nyuki kikaanguka. Mama Mkubwa hakukiokota. Alikwenda mlangoni, akaweka paji la uso wake kifuani kwa mumewe, akakaa hapo, na mzee akawa anampapasa mgongo. Naye Mpekuzi, ambaye maisha yake yote hakuna mlango aliowahi kuuona umefungwa asitamani kuufungua, safari hii aligeukia skrini kwa hiari yake, akajifanya ana kazi.

Kweli kazi ilikuwepo. Akafungua *Ardhi sura ya 9 Mungu nisaidie*, akachagua zile dakika arobaini za mwanzo, akazifuta, akauacha mkia. Akafanya hivyo na sura ya kumi, na ya kumi na moja. Tangu aanze ufundi, mara zote alikuwa ameombwa aondoe kelele abakishe maneno. Mkono ulimwia mzito mara ya kwanza tu.

"Nafasi ipo," akasema. "Ya kutosha. Mpaka gari la kwenda hospitalini lije."

Mama Mkubwa akajifuta uso kwa gauni alilokuwa amelikunja, akaja akaketi mbele ya kompyuta. Baba Mkubwa akavuta kiti, akakaa karibu, magoti yakagusana. Mpekuzi akabonyeza kitufe cha kurekodi, mstari ukaanza kutembea.

"Haya, niseme nini?" Mama Mkubwa akauliza. Mwanamke huyu alikuwa ameongea bila kupumzika tangu ujana wake, na sasa hakuwa na neno. Alionekana mwenye hofu, waziwazi, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Niambie kilichopo nje," Baba Mkubwa akasema.

Mpekuzi akachukua begi lake, akatoka kimyakimya, akaenda kusimama getini kulisubiri gari. Dirisha lilikuwa wazi. Sauti ilimfikia, imekwaruza, inakatika hapa na pale, lakini inakwenda.

"Kuna jua. Kuna mwanamke ng'ambo anaanika nguo, mashuka, mengi mno, sijui amepata wageni. Kuna baiskeli imeegemezwa ukutani, haina tairi la mbele. Paka yuko juu ya ukuta."

"Yupi?"

"Yule mwizi. Anatutazama kama tunamdai. Na Mpekuzi yuko getini, ametupa mgongo, anajifanya anasoma simu. Analia huyo."

"Analia?"

"Analia, mjinga yule, mabega yanaruka. Na blauzi yake kaivaa ya ndani nje, mzee, mishono yote hadharani, hata lebo naiona."

Mpekuzi akajitazama. Ilikuwa kweli. Alikuwa amepita mitaa mitatu hivyo hivyo.